Yai la Chawa Halitembei

Sifa mwanangu,

Nimebaki peke yangu nyumbani. Wewe na mama yako mmekwenda kuwaaga shangazi zako, na najua hamtarudi kabla jua halijashuka, kwa sababu shangazi zako hawajui kumuaga mtu bila kupika. Sanduku lako liko karibu na mlango. Mama yako amelifunga kwa kamba, akalifungua, akalifunga tena, kila mara akikumbuka kitu: samaki wakavu wa ndakala, sabuni, kikwembe cha pili cha kujifunga. Habari za sabuni, za chakula, za maombi ya asubuhi na za vijana wa mjini amekuambia tangu juma lililopita, na mimi sina la kuongeza. Kesho boti itakupeleka Uvira. Utaanza sekondari, utalala internati, chumba kimoja na wasichana wengi usiowajua, kitanda karibu na kitanda. Direkta wa shule aliponieleza hayo, jambo la kwanza lililonijia halikuwa masomo. Niliwaza chawa.

Najua utacheka. Hapa kwetu chawa wamekuwa hadithi ya kuchekesha wageni. Mama yako akitaka kunishusha kidogo anasema, "Huyu Mwalimu munayemuona, njo alituletea chawa," nawe unaongeza kwamba nilinyoa kichwa kikang'aa kama sufuria, na mimi nacheka pamoja nanyi. Leo nataka kukuandikia mambo yenyewe yalivyokuwa. Ulikuwa na miaka tisa. Mengine hukuyaona, na moja nilikuficha kwa makusudi miaka yote hii.

Unakumbuka mama yako alivyoondoka. Alikwenda kumuuguza babu yako, vita vikamkuta kule, njia ikafungwa nyuma yake, naye akavuka ziwa pamoja na kaka zake mpaka Kigoma, kambini. Hatukujua kama yuko hai mpaka mwezi wa tano tangu aondoke. Alipoondoka alidhani anakwenda siku nne. Jioni kabla ya safari alikukalisha chini akakusuka nywele, misuko midogo midogo iliyobana, "ili Papa yako asihangaike," alisema. Juma lile lile bunduki zililia upande wa Baraka, na sisi watu wa Lweba tukalala kanisani siku mbili, familia juu ya familia, watoto wamepangwa sakafuni kama samaki kwenye kichanja. Kisha pakatulia, tukarudi nyumbani, na maisha yakaendelea jinsi yalivyoweza.

Ile misuko hukutaka iguswe. Juma la nne nilikuambia tuifumue, ukashika kichwa kwa mikono miwili. "Papa, hapana. Mama njo alisuka." Nikaacha. Ukweli ni kwamba na mimi sikutaka. Nilikuwa nikikutazama ukitembea mbele yangu kwenda shule, naona mistari ile aliyoipasua mama yako kwa ncha ya kichana, nasema moyoni, bado yuko. Nywele zilikua, misuko ikalegea, ikaacha ngozi. Juma la nane, juma la kumi. Nilikuogesha, nikakulisha ugali na mboga ya sombe, nikakufundisha kuhesabu, lakini kichwa chako sikukigusa. Nilidhani kichwa cha mtoto wa kike ni kazi ya mwanamke. Hilo ni kosa langu la kwanza, nalo lilizaa mengine.

Wakati huo ndipo Namahoro alipoingia darasani kwangu. Yeye na mama yake walikuwa watu wa milima ya juu, wale wanaosema Kinyarwanda na kufuga ng'ombe. Baba yake alikuwa amekufa na ng'ombe walikuwa wamekwenda. Mama yake hakusema nani aliwachukua, nasi hatukuuliza. Koko mmoja, bibi kizee mjane wa kanisa letu, ambaye zamani alikuwa akinunua maziwa kwao, aliwapa chumba nyuma ya nyumba yake. Wewe ulikuwa mdogo, hukujua ulikuwa ujasiri wa namna gani kwa yule koko. Vita vilikuwa vimewafanya watu wa ziwani na watu wa milimani watazamane kwa jicho la pembeni. Kila upande ulikuwa na wafu wake na ulijua majina yao. Watu walinong'ona kwamba yule mama wa milimani ni mpelelezi. Mpelelezi wa nini, mwanamke anayelima mihogo ya watu kwa jembe la kuazima?

Darasani hakuna aliyetaka kukaa naye. Nikamweka kwenye benchi lako, kwa sababu wewe ni mtoto wa mwalimu, hukuweza kulalamika. Lakini ninyi hamkuhitaji kulazimishwa. Baada ya siku tatu mlikuwa mnaandika kwa kalamu moja, vichwa vimegusana juu ya daftari moja, na mvua ikinyesha mnajifunika kitambaa kimoja.

Juma lake la tatu darasani, asubuhi moja, nilikuwa nikipita kati ya mabenchi kukagua hesabu. Namahoro alikuwa akijikuna. Nywele zake zilikuwa fupi, na pale nilipoinama nilimwona chawa akitembea juu ya sikio. Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kumwita nje wakati wa mapumziko. Nilisimama wima nikasema mbele ya watoto wote, "Namahoro, kusanya vitu vyako. Rudi nyumbani, na usirudi hapa mpaka chawa waishe."

Mtoto mmoja wa nyuma akasema kwa sauti, "Njo chawa za kule milimani!" Darasa zima likacheka.

Na mimi nilitabasamu, Sifa. Sikukuambia mpaka leo, lakini wewe uliona, maana ulikuwa unanitazama. Haikuwa kicheko, ilikuwa kitu kidogo mdomoni, mwalimu akifurahi kwamba darasa liko upande wake. Namahoro alikuwa amesimama na daftari kifuani, na macho yake yalikuwa kwangu, si kwa waliocheka. Kisha akatoka. Nimefundisha miaka mingi. Nimekosea tarehe, nimekosea hesabu ubaoni, nimempiga mtoto fimbo ambaye hakuwa na hatia. Ule mdomo wangu wa siku ile ndio ninaoukumbuka kuliko yote.

Siku tisa Namahoro hakuja. Siku ya tisa, tulipotoka shule, nilikuona umekaa chini ya ukuta unajikuna nyuma ya masikio mpaka damu. Nikakuita, nikasogeza misuko, nikaona. Walikuwa wengi. Nilisikia moto usoni. Unajua nilisema nini? Nilisema, "Ule mutoto amekuambukiza." Hata sikufikiri. Maneno yalikuwa yamekaa tayari mdomoni.

Jirani yetu wa upande wa ziwa, yule Papa aliyekuwa akitengeneza nyavu, akaniambia dawa ni petroli. Paka kichwa chote, alisema, funga sashe ya plastiki juu, ngoja mpaka jioni, hatabaki hata mmoja. Ndivyo walivyofanya kwao siku zote. Nikachukua petroli ya taa, nikakumiminia katikati ya misuko, nikakufunga sashe nyeusi kichwani. Ukalia kwamba inachoma. Nikakuambia ndio dalili kwamba inafanya kazi. Kisha nikaingia ndani kutafuta unga, na wewe, mtoto mtiifu, ukaenda kwenye mbabula kupuliza makaa ili maji ya ugali yachemke.

Nilisikia sauti ya mwanamke ikipiga kelele nje, "Toa mutoto kwa moto! Toa mutoto kwa moto!" Nilipotoka, Mama Namahoro alikuwa amekwisha kukunyakua. Alikuwa amekushika kiunoni kwa mkono mmoja, jembe lake limeanguka njiani, na kwa mkono wa pili alikuwa akiirarua ile sashe.

"Unamupakaa nini?" akaniuliza.

"Petroli. Banasema inaua chawa."

"Inaua hata mutoto, Mwalimu! Mbegu moja ya moto tu, na kichwa yote ingewaka. Lete maji. Lete sabuni. Maji mingi."

Nilimletea maji. Mimi, mwalimu wa darasa la tatu, nilikuwa nikikimbia na ndoo kama mtoto anayetumwa. Alikuosha, akakuosha tena. Ngozi ya kichwa chako ilikuwa imekuwa nyekundu, na nyuma ya shingo ilikuwa na malengelenge. Kile kiraka kidogo ulicho nacho chini ya nywele, ambacho ulifikiri ni cha surua, ni cha petroli yangu.

"Hizi nywele lazima tufumue," akasema. "Petroli imebakia ndani. Itaendelea kuchoma."

Ukaanza kulia upya, kilio kingine kabisa. "Mama njo alisuka! Mama njo alisuka!" Nikasema basi, tuzinyoe zote ziishe, na ukalia zaidi. Mama Namahoro hakubishana nami. Alikaa kwenye mkeka pale mbele ya nyumba, mahali ambapo kila mpita njia angeweza kutuona, akakulaza kichwa magotini pake. "Mama yako haiko mu nywele, mutoto," akakuambia polepole. "Iko anakuya. Atakuta nywele mingine, atasuka tena." Sijui kama ulimwamini. Lakini uliacha mikono yako ikaanguka kutoka kichwani, naye akaanza kufumua, msuko mmoja, mwingine, bila kuvuta, mpaka ukasinzia.

Sasa nafika kwenye lile nililokuficha.

Wewe ulikwisha kulala. Alikuwa akitazama nywele zako karibu sana, akizitenganisha kwa kucha. Kisha akaniita kwa mkono. "Mwalimu, angalia hapa."

Akanionyesha mayai. Madogo, meupe, yamebana unywele upande mmoja. Nikajaribu kupangusa moja kwa kidole, halikutoka. Ni mpaka ulivute kwa kucha mpaka mwisho wa unywele. "Chawa hairuke," akasema. "Haiko na mabawa. Inatembea tu, toka kichwa mpaka kichwa, wakati vichwa vinagusana. Haiangalie kama kichwa iko safi ao iko chafu. Na yai inawekwa karibu na ngozi, juu ya joto. Pale njo inapasukia, kisha siku saba, nane."

"Ndiyo," nikasema.

"Sasa angalia hizi." Akapima kwa kidole chake. Mayai matupu yalikuwa mbali na ngozi, urefu wa kiungo kizima cha kidole. "Yai haitembei, Mwalimu. Njo nywele inaibeba ikikua. Kwa kufika hapa, inaomba miezi mbili." Akavuta pumzi. "Mwanangu nilimuangalia kichwa yote. Mayai yake yote iko chini, karibu na ngozi. Sisi tulifika hapa, na yeye akaanza masomo, haijapita miezi mbili. Haijafika hata nusu yake."

Mimi ni mtu wa hesabu, Sifa. Hakuhitaji kuniambia jibu. Chawa hawakuwa wameshuka kutoka milimani. Walikuwa kichwani mwako tangu zile siku tulizolala kanisani, chini ya misuko ambayo baba yako hakutaka kuifumua, na wewe ndiwe uliyempa Namahoro, juu ya daftari moja, chini ya kitambaa kimoja. Nilikuwa nimemfukuza mtoto wa mjane kwa chawa za nyumba yangu.

Nilingoja anitukane. Alikuwa na haki. Alikuwa amekuja siku ile, jembe begani, kuniuliza kwa heshima mtoto wake atarudi masomo siku gani. Nikasema, "Mama Namahoro, mimi nitamwambia Sifa akuombe radhi."

Akatikisa kichwa kwa nguvu. "Hapana. Usimuambie mutoto kama ni yeye. Ata siku moja."

"Kwa nini?"

"Mwanangu amebeba hii haya siku tisa. Anakataa kutoka inje. Ninajua uzito yake." Akakufunika bega kwa kikwembe chake. "Huyu mama yake haiko. Asiongezewe."

Hivyo ndivyo alivyosema. Mimi nilikuwa na diploma ya ualimu. Yeye alijifunza kusoma kanisani, kidogo kidogo.

Kesho yake nilinyoa nywele zangu zote. Si kwa kuigiza tu. Na mimi Mama Namahoro alinikuta na chawa wawili, maana tulilala blanketi moja. Nikaingia darasani na kichwa kinang'aa, watoto wakaanza kucheka, nikawaacha wacheke mpaka wachoke. Kisha nikasema, "Chawa walikuwa kichwani mwangu. Namahoro hakuleta chawa. Aliwapata hapa, kwa mwalimu wenu. Nilimfukuza bila haki, na nilifanya vibaya." Wewe uliduwaa kwenye benchi lako. Siku zile zote mpaka leo umeamini kwamba mimi ndiye niliyewaleta, na nikakuacha uamini, kwa sababu mama mmoja aliniomba.

Mchana nilikwenda kwa koko. Namahoro alikuwa ndani, hakutaka kutoka. Nikakaa kizingitini, nikaongea na giza la chumba.

"Namahoro, nimekuja kukuomba radhi."

Kisha sauti ndogo: "Mwalimu, siku ile ulicheka pamoja nabo?"

Ningeweza kusema hapana. Kicheko hakikutoka, ningeweza kujitetea kwa hilo. "Ndiyo," nikasema. "Nilicheka pamoja nao."

Halafu akauliza, "Nikirudia, nitakaa wapi?"

"Mahali unapotaka wewe."

"Kwa benchi ya Sifa."

Basi. Watoto wanasamehe kwa haraka kiasi cha kumtia mtu mzima haya.

Wakubwa hawakuwa wepesi hivyo. Jumapili baada ya ibada, jirani yule wa nyavu alinisimamisha mbele ya kanisa, na wengine wakasogea. "Mwalimu, kila siku ule mwanamuke iko kwako. Bibi yako haiko. Na ule si mutu wetu. Waondoke, mbele mambo haijakuwa mubaya." Sikuwa mtu jasiri, mwanangu. Watu wenye bunduki walikuwa hawako mbali, na neno lililosemwa uwanjani mwa kanisa lilikuwa likiwafikia kabla ya jioni. Lakini nikasema, "Wiki iliyopita ulinipa dawa, nikaipaka, na mtoto wangu karibu aungue. Ule mwanamuke njo alimuvuta kutoka kwa moto. Wakiondoka, mimi na Sifa tunakwenda pamoja nao, na darasa la tatu mutatafuta mwalimu mwingine." Yule koko mjane akaja akasimama kando yangu na fimbo yake, akawatazama tu mmoja mmoja. Wakatawanyika. Wazazi wawili waliwaondoa watoto wao shuleni. Baada ya majuma mawili wakawarudisha. Tangu siku ile nikaitwa Mwalimu Chawa, na bado kuna wanaoniita hivyo sokoni. Nimelizoea.

Ngozi yako ilipopona ndipo kazi yenyewe ilipoanza. Mama Namahoro alinifundisha, hakunifanyia. "Mi sitabakia hapa siku yote," alisema. "Ujifunze." Alikupaka mafuta ya mawese nywele zote mpaka mizizi, kwa sababu chawa aliyelowa mafuta hawezi kukimbia. Akagawa nywele mafungu madogo, akayafunga kwa nyuzi za migomba, na tukapita fungu moja baada ya jingine kwa kichana chake chenye meno ya karibu, toka ngozini mpaka ncha, kila mara tukikipangusa kwenye kitambaa cheupe tuone kilichotoka. Mayai tuliyavuta kwa kucha. Kisha sabuni na maji. Blanketi na vikwembe tulivichemsha. Kofia yangu aliifunga tu, akaiweka pembeni siku tatu. "Chawa bila kichwa hainyonye kitu. Siku mbili, inakufa."

Siku ya kwanza ilituchukua mchana mzima. Nilidhani tumemaliza. Baada ya siku tatu akarudi, nikamwambia, "Ziliisha." Akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Umeua bamama. Batoto bangali mu mayai." Na kweli, tukakuta wadogo, kama chembe za ufuta. Tukarudia kila baada ya siku tatu, nne, kwa majuma matatu, na kila siku ya kichwa chako ilikuwa pia siku ya kichwa cha Namahoro, ya kichwa changu kilichoanza kuota nywele, ya kichwa cha koko ambaye alikuwa na nywele nyeupe chache na hakuwa na chawa hata mmoja, lakini alikataa kuachwa. Mlikuwa mnakaa wawili mkekani na mafuta yakiwatiririka hadi puani, mnatunga majina ya chawa. Mmoja mlimwita Direkta. Siku kichana kilipotoka safi mara mbili mfululizo, Mama Namahoro akasema, "Sasa iliisha," akachukua nywele zako akaanza kukusuka. Nikamwambia, "Nifundishe na hii."

Akanitazama. "Mwanaume?"

"Mwanaume."

Mistari yangu ya kwanza ilikwenda kama njia ya mbuzi. Ulikwenda shule hivyo hivyo, na ulipoulizwa ulisema kwa sauti, "Papa njo alinisuka." Sikuwahi kusifiwa vizuri hivyo.

Mwezi wa kumi tangu mama yako aondoke, mapigano yalisogea tena. Watu wa kanisa walipata mtumbwi wa mota unaokwenda kaskazini, na Mama Namahoro akaona afadhali aondoke na binti yake kabla mtu hajamwondoa. Tuliwasindikiza hadi ufukoni, wewe na mimi na koko. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi ya shukrani, kama mwalimu. Nilipofungua mdomo yakanipotea. Nikasema tu, "Mama Namahoro, sijui nikuambie nini."

"Usiniambie," akasema. "Muangalie mutoto kichwa." Akapanda. Wewe na Namahoro mlipungiana mikono mpaka mtumbwi ukawa nukta.

Hatukupata habari zao mwaka mzima. Kisha mwanamke mmoja wa hapa aliyekwenda kuuza ndakala kaskazini alikutana naye sokoni. Yuko hai, analima, Namahoro anasoma. Aliuliza jambo moja tu: "Mutoto wa Mwalimu, nywele yake inaendelea?" Kama mtu anavyouliza habari za shamba alilolipanda kwa mkono wake.

Kabla ya habari hizo mama yako alikuwa amekwisha kurudi, mwezi wa kumi na nne, amekonda, na kifurushi kimoja. Unakumbuka kilio. Mimi nakumbuka baada ya kilio, alipokushika kichwa akakigeuza huku na huku akitazama mistari. "Nani alimusuka?" akauliza. Ukasema, "Papa." Akanitazama kana kwamba mtu mwingine alikuwa amehamia katika mwili wangu. Nilimweleza habari ya chawa usiku huo, yote isipokuwa ile moja, kwa hiyo naye amecheka miaka hii pamoja nawe bila kujua. Leo akirudi nitamwambia.

Kwa nini nakuambia sasa? Nilifikiri sana. Uzito ule ambao Mama Namahoro hakutaka uubebe ukiwa na miaka tisa, sasa una mabega ya kuubeba, na sidhani kwamba ni mzito tena. Hukumfanyia Namahoro kosa. Mlipendana tu, na vichwa vikagusana. Kosa lilikuwa langu. Lakini nisipokuambia hutajua kwamba katika miaka ile, wakati watu wa hapa na watu wa kule walikuwa wakihesabiana wafu, kulikuwa na mama mmoja wa kule aliyekukinga na moto kwa mikono yake, na kisha akakukinga na aibu, siku ile ile, wakati binti yake mwenyewe amejificha chumbani kwa sababu yako. Ni urithi wako. Nisingependa upande boti bila kuujua.

Wenzangu wananihurumia kwa ile miezi kumi na minne. Ilikuwa miezi mibaya, siwezi kudanganya. Na bado namshukuru Mungu kwa ajili yake. Baba wengi wa hapa wanajua sauti za binti zao na wanajua ada za shule, lakini vichwa vyao hawajavishika tangu walipobatizwa. Mimi nakijua chako. Najua mahali ngozi ilipoungua na mahali nywele zinapokataa kulala. Nimekipata kwa njia ya chawa, na kwa mkono wa mwanamke niliyemkosea.

Jana mama yako alikuwa ametayarisha kichana na mafuta ili akusuke kwa ajili ya safari. Mkaongea kidogo jikoni, sijui mlisema nini. Halafu nikakuona umetoka, msichana mrefu hivi, ukaja ukakaa chini mbele ya kiti changu, ukanipa kichana. Nikaanza. Baada ya muda ukasema, "Papa, unachelewa. Macho imezeeka?"

Macho ni mazima, mwanangu. Sikuwa na haraka.

Nasikia sauti zenu njiani. Shangazi yako mmoja anawasindikiza, anacheka. Naiweka barua hii chini ya daftari zako, utaifungua boti ikishaacha ufuko.

Asante, Sifa.

Papa yako